Chini Iko Bala

Asubuhi ya siku ya tatu, Risper alikuwa amewahesabu wageni wake mara nne kabla ya chai kuiva, na wote kwa jumla walikuwa watatu. Mtu angemcheka. Lakini Elkanah, mwenye biashara ya safari hizi za milimani, alikuwa amemwambia waziwazi pale ofisini Migori, funguo mkononi, kwamba akiwarudisha wote wazima siku ya nne, basi kuanzia Desemba ataongoza kwa jina lake mwenyewe na barua ya kazi ataipata. Na nyumbani Masara mumewe Japheth naye alikuwa ametoa neno lake: siku barua hiyo itakapoingia mlangoni, yeye atatoka kwenye shimo la dhahabu asirudi tena.

Mwezi uliopita shimo la jirani lilibomoka. Vijana wawili walitolewa siku ya pili yake wakiwa wamefunikwa blanketi moja, kwa sababu blanketi la pili halikupatikana. Tangu hapo, kila Japheth alipokuwa zamu, Risper alisonga ugali huku sikio liko barabarani. Kwa hiyo alihesabu. Mong'ina, moja. Mubarak, mbili. Kultum, tatu.

Mong'ina alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kisii, mama wa miaka sitini na tisa, mwenye goti lililolalamika kwenye mteremko na mdomo usiolalamika kamwe. Mubarak na mkewe Kultum waliuza vitambaa Migori mjini, na safari hii ilikuwa wazo la Kultum. Siku ya kwanza, walipoanza kupanda kutoka Kisegi kuelekea vilele vya Gwassi, Mubarak aliuliza kila baada ya hatua ishirini kama wamefika, na Kultum akawaeleza wenzake kwamba mume wake hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya stoo. Mubarak naye alipata pa kulipiza. Alipoambiwa kwa Kiingereza kwamba Risper ndiye guide wao, alijifanya amesikia gaidi, akakaa chini kwenye jiwe akakataa kuinuka.

"Mimi sifuati gaidi," akasema. "Polisi wakitukuta hapa nitajieleza vipi?"

Wakacheka mpaka Mong'ina akashika goti. Toka hapo Risper akawa anaitwa gaidi wetu, na akalipokea jina kwa moyo mmoja, maana wageni wanaotania ni wageni ambao hawajachoka.

Nchi yenyewe ilikuwa ngumu. Huko kaskazini mwa Migori ardhi inaacha miwa na kuanza kuinuka, na kila kilima kina hadithi ya moto. Elkanah, aliyefundisha jiografia kabla ya kufungua ofisi, alikuwa amemfundisha Risper kuisimulia: kwamba Gwassi yote ni kisiki cha mlima mmoja mkubwa uliotapika zama za zama, kwamba milima ya Ruri, waliyoilala ubavuni usiku wa pili katika uwanja wa kanisa, na Homa iliyokuwa mbele yao, haikutapika moto mwekundu tu bali mawe ya namna ya chokaa. Mawe yalikata viatu. Nyasi zilichoma ngozi. Njia zilikuwa za mbuzi, na mbuzi hana haja ya kumhurumia mtu.

Mizigo ilibebwa na punda wawili wa Motari, Mkuria wa kule mpakani, mwanamume mrefu wa maneno machache. Kila siku alitangulia alfajiri peke yake ili wageni wakute mahema yamesimama. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, Kijaluo hakujua zaidi ya kusalimia, lakini njia alizijua kuliko yeyote. Aliwahi kupita huku na ng'ombe wa watu kwa miaka tisa.

Na Risper alikuwa na shida yake aliyoificha. Jeff, mwanawe wa miezi kumi, alikuwa amebaki kwa bibi yake, na maziwa hayakuwa yameambiwa kwamba mtoto hayupo. Asubuhi na jioni alijitenga nyuma ya mwamba akayakamua yakaingia kwenye mchanga, machozi yakimlengalenga, si kwa maumivu tu. Mong'ina alimwona siku ya pili. Alikwenda tu akasimama upande wa njia, akaikunjua kanga yake kana kwamba anaikausha, mpaka Risper alipomaliza.

Saa mbili na robo asubuhi hiyo ya tatu, wakiwa juu ya mgongo wa kilima, mahali njia inapogawanyika, simu ya Risper ikatetemeka. Mtandao huko ulikuwa unakuja na kwenda. Ulikuwa umeleta ujumbe wa Motari, alioutuma zaidi ya saa moja nyuma.

*Mama Jeff chini iko bala. Mimi na punda napita juu.*

Risper akausoma, akatabasamu.

Kwa Kijaluo, bala ni ule udongo wa chumvichumvi unaopatikana karibu na maji ya moto. Ng'ombe huupenda kuliko nyasi. Bibi yake Risper alikuwa akiuloweka na kupikia mboga kwa maji yake, zikalainika kama zimebembelezwa. Punda naye ukimpitisha penye bala umekwisha, atalamba mpaka jua lizame wewe ukivuta kamba. Ndiyo maana Motari amepita juu. Jambo lilikuwa wazi kama mchana.

Kuna kitu kilimgusa, ndiyo. Motari si Mjaluo. Neno bala amelitoa wapi? Labda alitaka kusema balaa. Lakini hapo hapo Risper akamsikia Mwalimu Priscilla.

Miaka mitatu alikuwa amesoma masomo ya jioni, mwaka wa mwisho akiwa na Jeff tumboni, tumbo likimzuia kukaribia dawati. Na Mwalimu Priscilla hakuwa na huruma na mtu wa kuruka herufi. Kata si kataa, alisema, akigonga ubao. Kufa si kufaa. Herufi moja tu, na mtu uliyetaka kumsifu umemzika. Balaa lina a mbili mwishoni, na ambaye hawezi kuzihesabu arudi Jumatatu. Risper hakuwahi kurudi Jumatatu. Alizihesabu herufi za Motari hapo kwenye simu: b, a, l, a. Moja. Si balaa. Ni bala.

Angeweza kupiga simu. Kijiti kimoja cha mtandao kilikuwa bado kimesimama. Lakini njia ya juu ilikuwa na saa nzima zaidi na mawe yaliyolegea, goti la Mong'ina lilikuwa limevimba tangu jana, na Mubarak alikuwa ameshaanza kuteremka ile ya chini bila kuulizwa, akisema kama ule mvuke kule chini ni maji ya moto basi miguu yake imefika peponi. Risper akaiweka simu mfukoni.

"Leo mtaona kitu," akawaambia. "Mtaona chumvi ya bibi zetu."

Waliteremka wakizungumza. Risper aliwaeleza habari za bala, jinsi inavyokusanywa, jinsi mboga chungu zinavyonyamaza zikipikwa nayo, na Mong'ina akauliza mara mbili kama inafaa pia kwa kunde. Risper akasema inafaa sana. Alijisikia mwenyewe anavyosema vizuri. Aliwaza Elkanah angekuwa hapa amsikie.

Chini kulikuwa na uwanda mdogo mweupe, mvuke ukipanda upande wa mbali. Mvua ya siku mbili ilikuwa imeupiga na jua la asubuhi limeukausha juu. Na alama za kwato zilikuwa kila mahali, zimechimba, zimeburutwa, kama ng'ombe wengi waligombania mahali pamoja. Palikuwa hata na kipande cha kamba.

"Mnaona," Risper akasema, akionyesha kwato. "Wamekuja kulamba."

Mong'ina alikuwa amefungua leso yake. Alitaka apeleke kidogo nyumbani, ya kunde. Akatoka kwenye njia hatua tatu, akainama, na ardhi ikapasuka chini yake polepole, kama ngozi ya uji uliopoa. Mguu wake wa kulia ukazama mpaka katikati ya muundi, kwenye matope yanayochemka.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba kiti, "Mwanangu, nishike."

Risper alimshika kwapani, Mubarak akashika kiuno, wakamvuta. Kiatu kilibaki. Soksi ilitoka, na chini ya soksi mambo hayakuwa ya kutazamwa. Kozi ya Elkanah ya huduma ya kwanza ilikuwa imemfundisha vya kutosha: si mafuta, si dawa ya meno, maji baridi tu, mengi, kwa muda mrefu. Akayamimina maji yao yote ya kunywa, chupa baada ya chupa, huku Kultum akimshika mama yule kichwa na kumwombea kwa sauti ya chini. Kisha Mubarak, mtu wa ngazi ya stoo, akageuka akachuchumaa.

"Mpandisheni," akasema.

Akambeba mgongoni kupanda kilima chote, hakuuliza hata mara moja kama wamefika.

Motari alikutana nao nusu ya njia. Alikuwa amewaona kutoka juu, akawaacha punda, akakimbia. Alipouona mguu alisimama kama amepigwa na kitu.

"Nilikuandikia," akamwambia Risper.

"Uliandika bala."

"Ndiyo. Balaa. Maji imehama na hii mvua. Ng'ombe ya mtu imeiva miguu hapo alfajiri, tumeivuta na kamba watu sita. Sasa wewe ulifikiri nini?"

"Chumvi," Risper akasema.

Motari alimtazama, na haikuwa hasira. Ilikuwa ni kutoelewa kabisa.

"Chumvi gani?"

Alimpokea Mubarak mzigo wake, akamweka Mong'ina mgongoni, akatangulia kwa hatua ndefu. Risper alifuata nyuma na kiatu kimoja cha mama wa watu mkononi, na kichwani mwake herufi zilijipanga na kujipanga tena.

Kwenye barabara ya vumbi walipata pikapu ya mtu aliyebeba magunia ya mtama, ikawapeleka kwenye zahanati ya misheni chini ya mlima. Muuguzi aliosha, akafunga, akasema mfupa uko salama na mama ana bahati, lakini ngozi itajulikana baada ya wiki. Huenda akahitaji kupandikizwa ngozi ya pajani. Elkanah alikuwa ameshapigiwa simu na alikuwa njiani kutoka Migori. Kultum na Mubarak walikaa nje kwenye benchi, bega kwa bega.

Risper alikaa kando ya kitanda. Mong'ina alikuwa amepewa dawa ya maumivu, macho yake yakawa mazito lakini akili iko palepale. Akaomba kuuona huo ujumbe. Akaushika mbali, kama wanavyofanya watu waliosahau miwani.

"Ameruka herufi," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Huyu ningemnyima alama moja." Akamrudishia simu. "Wewe ningekunyima zaidi."

Mong'ina akajiweka sawa kwenye mto.

"Mtu alikuandikia barua, ukaisahihisha kama mtihani. Barua haisahihishwi, mama Jeff. Inajibiwa."

Hakulisema kwa ukali. Akafumba macho, na baada ya kitambo akanyoosha mkono akaupapasa mkono wa Risper, akauacha hapo. Risper angependa kama angefokewa.

Elkanah aliingia saa nane, jasho limelowesha ukosi. Alimpa Mong'ina pole, akasikiliza maneno ya muuguzi, akatoka na Risper kwenye varanda. Akataka kusikia. Risper akamweleza alipopokea ujumbe na njia waliyoshika, na kabla hajafika kwenye yale aliyoyawaza, Elkanah akawa ameshaichukua simu, ameshasoma, ameshatikisa kichwa.

"Huyu Motari," akasema. "Nilijua iko siku. Mtu ameachia darasa la nne halafu anaandikia watu ujumbe. Bala! Nani angejua ni balaa? Hata mimi, Mjaluo mzima, ningesoma chumvi."

Akaendelea hivyo, na kadiri alivyosema ndivyo uso wake ulivyopoa, kama mtu aliyetafuta pa kutua mzigo akapaona. Alisema Motari atalipwa siku zake leo hii aende. Punda watapatikana wengine. Familia ya mwalimu itaelezwa ukweli, kwamba mpagazi hakujua kuandika. Kisha akaushusha mkono wake begani kwa Risper.

"Wewe ulimwagia maji, ulimtoa, ulifanya yote kama nilivyokufundisha. Usijitese. Desemba iko palepale."

Hapo ndipo Risper alipojua kwamba hakuhitaji hata kusema uongo. Ukweli wa Elkanah ulikuwa umekamilika bila yeye. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza hakujawahi kumchosha mtu. Desemba iko palepale. Japheth atapanda kutoka shimoni, atajipangusa vumbi, ataoga maji ya moto, na Jeff atakua akimjua baba mwenye macho meupe, si mekundu ya vumbi la shimo. Aliliona hilo karibu kama mtu anavyoona sahani mbele yake.

Ng'ambo ya uwanja, kwenye ua wa michongoma, Motari alikuwa amewarudia punda wake na kuwaleta mpaka hapo kwa mguu. Alikuwa anawanywesha kwa karai. Mmoja aligoma, naye akamkwaruza nyuma ya sikio mpaka akainama kunywa. Hakuwa amekula tangu alfajiri, na hakuwa ameangalia upande wa varanda hata mara moja. Mtu ambaye hajui kwamba anazungumzwa.

"Niliwaza ni balaa," Risper akasema.

Elkanah akageuka. "Nini?"

"Pale juu. Nilijua Motari hajui Kijaluo. Niliwaza labda ni balaa. Halafu nikahesabu herufi nikajiambia hapana, na mtandao ulikuwepo, na sikupiga simu." Akaonyesha kwa kidevu kule kwa punda. "Yeye alinionya. Mimi nilijifanya mwalimu wake."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Mimi nimekufungia jambo hili, wewe unalifungua."

"Ukimfukuza yeye, Mwalimu, nani atakuonya wewe Desemba?"

Elkanah akamrudishia simu yake. Alikuwa mtu mwema kwa kiasi, na watu wa namna hiyo hawapendi kuonyeshwa kiasi chenyewe kinapoishia. Mwishowe akasema kwamba kama ndivyo, basi hawezi kumpa wageni mtu aliyesikia onyo akalipita. Hana la kuwaambia watoto wa Mong'ina. Barua haitaandikwa. Risper akitaka anaweza kubaki kwa kupika na kubeba, na mwakani wataangalia. Motari abaki. Alisema hilo la mwisho akiwa tayari anaondoka, kama kitu kilichomdondoka.

Risper alizunguka nyuma ya zahanati, kwenye tangi la maji, mahali palipokuwa na kivuli. Blauzi ilikuwa imelowa mbele. Maziwa yalikuwa yameshindwa kungoja. Akaifunika kwa kanga, akampigia Japheth.

Alipokea haraka. Nyuma yake kulikuwa na kishindo cha mashine ya kusaga mawe, na watu wakiitana. Risper alimweleza yote, hakuruka kitu, hata lile la Desemba iko palepale. Japheth alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mguu wa mama unaendeleaje, na kama kuna mtu wa kwao aliyeambiwa.

"Wanae wanakuja kesho," akasema. "Japheth. Sijapata kazi."

"Nimesikia."

"Ungeniambia ninyamaze?"

Mashine ilisaga, ikasaga.

"Sisi huku," Japheth akasema, "kuna jamaa anakaa juu, mdomoni mwa shimo. Anaitwa Onchiri. Kazi yake kuangalia udongo. Akiuona unamwagika anapiga yowe. Ana kigugumizi yule, mama Jeff. Kigugumizi kibaya. Siku ile nyingine alipiga yowe neno halijatoka hata nusu, sisi wote tulikuwa ngazini tayari."

Risper alishika ukuta wa tangi. Saruji ilikuwa baridi.

"Basi usininyime usingizi na hayo maswali," Japheth akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alimsemesha kwa upole usio na somo ndani yake. "Tutatafuta njia nyingine. Mwakani si mbali."

"Leo uko zamu?"

"Saa kumi."

Alitaka kumwambia asiingie. Neno lilimfika ulimini na likakaa hapo, kwa sababu alijua ni nini kiko jikoni kwao na ni nini hakiko. Akamwambia aangalie magogo yanayoegemeza kuta za shimo kwa macho yake mwenyewe, asikubali kuambiwa na mtu kwamba yako sawa. Japheth akasema atayaangalia. Akamwambia ayagonge. Akasema atayagonga.

Kisha Risper akasikia mtu akimwita mumewe kwa jina, mara mbili, na sauti ya Japheth ikijibu mbali na simu, nakuja, nakuja. Mashine ikafunika kila kitu. Alibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika, akihesabu saa kutoka kumi mpaka mwisho wa zamu.